Tusiyaache Majumba ya Maonyesho Yafe

Taifa lililojikomboa huhesabu mali yake. Huhesabu mashamba, viwanda, shule, hospitali na bandari, na hiyo ni haki, maana bila ya vitu hivyo hakuna maisha ya wananchi. Lakini ipo mali nyingine ambayo mara nyingi huachwa nje ya hesabu hiyo. Nayo ni majumba ambamo wananchi hukutana si kwa kununua na kuuza, si kwa kushitakiana wala kutibiwa, bali kwa kutazama na kusikiliza pamoja. Tunazungumzia majumba ya sinema na kumbi za michezo ya kuigiza. Tunapenda kulisemea jambo hili waziwazi, kwa sababu muda uliobaki wa kuyaokoa majumba hayo ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani.

Msomaji wa Visiwani huenda akaona ajabu tukianza habari hii Mpanda, mji ulio mbali na bahari, makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Tunaanza huko kwa makusudi. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, ulipomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Yaani katika muda wa miaka 10 tu, watu wa mkoa huo wameongezeka zaidi ya mara mbili. Ofisi zinajengwa, barabara zinapimwa, viwanja vinagawiwa. Mji unaokua kwa kasi ya namna hiyo ndio unaotufaa kujiuliza: wananchi hawa watakutana wapi baada ya kazi?

Mpanda haikurithi jumba la sinema lenye sifa kama Majestic ya Unguja. Ilichorithi ni reli. Wakati wa ukoloni, kampuni iliyokuwa ikichimba madini ya risasi huko Mukwamba ilihitaji njia ya kusafirishia mali yake, na mwaka 1950 tawi la reli kutoka Kaliua likafika Mpanda. Mgodi ulisimamisha kazi tayari Uhuru unabisha hodi. Reli haikung'olewa. Wananchi waliipanda, wakapakia mazao yao, wakaenda Tabora na kurudi, na hivyo kitu kilichojengwa kwa faida ya wageni kikawa chao. Kinyume chake, reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga uliowafedhehesha Waingereza, iling'olewa mapema katika miaka ya 60. Reli zote mbili zilijengwa na wakoloni, na zote mbili zilipoteza kazi iliyozileta. Iliyobaki ni ile iliyopata watumiaji wapya.

Huko huko Katavi, pwani ya Ziwa Tanganyika, kuna Karema. Mwaka 1879 Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold walijenga hapo kituo chenye ngome. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa mapadri, wakaugeuza mahali pa ibada, mafunzo na tiba. Hapo ndipo alipofanya kazi Adrien Atiman, mtu aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea uganga, na kuwahudumia wagonjwa wa ziwani tangu 1889 hata alipofariki 1956. Hatuutaji mfano huu kwa kuusifu ukoloni. Tunautaja kwa sababu unaonyesha kanuni ambayo kila fundi anaijua: nyumba hudumu kwa kukaliwa. Nyumba inayofunguliwa kila asubuhi, mtu huona inapovuja. Nyumba iliyofungwa kwa kufuli huoza bila ya shahidi.

Sasa na tuvuke bahari. Mjini Unguja, katika mtaa wa Vuga, mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla alifungua mwaka 1921 jumba la sinema na maonyesho lililoitwa Royal. Mchoro wake ulitolewa na J. H. Sinclair, yule yule aliyechora Mahkama Kuu ya Vuga. Jumba hilo liliteketea kwa moto katika miaka ya 50, na mahali pake pakajengwa Majestic, iliyofunguliwa mwaka 1955 kwa mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania. Mjini humo humo zilikuwako pia Empire, karibu na soko la Darajani, na Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi iliitwa Cine Afrique. Bara nako Dar es Salaam ilikuwa na Empress, Avalon, Odeon na nyinginezo. Tanga ilikuwa na Majestic yake. Moshi ilikuwa na Plaza. Arusha ilikuwa na Metropole.

Wako watu watakaosema kwamba majumba hayo yalikuwa ya matajiri, yaliyojengwa kuwakamua wanyonge senti zao, na kwa hiyo hayastahili machozi. Hoja hii tunaijibu kwa ukweli wa historia. Ni kweli kwamba wenye majumba walitafuta faida. Ni kweli pia kwamba tiketi zilikuwa za bei mbalimbali, mwenye fedha akaketi juu na asiye nazo akaketi mbele karibu na kitambaa. Lakini katika nchi ambayo mkoloni aliwagawa watu kwa shule, kwa hospitali, kwa mitaa na kwa vilabu, jumba la sinema lilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo mchukuzi, karani, mwashi, mwenye duka na binti wa shule waliingia kwa mlango mmoja na kucheka kwa jambo moja. Yalijengwa kwa fedha zilizotoka humu humu Afrika Mashariki, kwa mikono ya mafundi wa humu humu, na yakaendeshwa kwa senti za watu wetu. Kuyaita mali ya wageni ni kuwanyang'anya wananchi kile walichokilipia wenyewe, jioni baada ya jioni, kwa zaidi ya nusu karne.

Wazee wa Visiwani wanakumbuka pia desturi zilizotokana na majumba hayo. Sikukuu ya Idi haikukamilika bila ya watoto, katika nguo zao mpya, kujazana mlangoni mwa sinema. Palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ambayo akina mama walikwenda na majirani zao kwa heshima na staha, bila ya yeyote kuwanyoshea kidole. Filamu za Kihindi kama Awara, iliyotengenezwa 1951, na Mother India, iliyotoka 1957, zilizungumzwa vibarazani kwa miezi. Sauti za filamu hizo ziliingia katika taarabu, zikavikwa maneno ya Kiswahili, na leo mtu huziimba katika harusi bila ya kujua zilitoka wapi. Huo si uigaji wa kipumbavu. Ni kazi ile ile ambayo watu wa mwambao wameifanya kwa karne nyingi, ya kupokea kilichokuja na upepo na kukifanya chao.

Lipo pia pingamizi la dini, nalo hatupendi kulipita kama hatukulisikia. Wapo waungwana wanaosema kwamba sinema ni mlango wa upotofu na kwamba kufa kwake ni heri. Tunawaheshimu, na tunakubaliana nao kwamba si kila picha inafaa kuonyeshwa kwa kila jicho. Lakini picha hazikufa. Zimehama. Zamani picha ilionyeshwa katika jumba lenye mlango, lenye saa, lenye mkaguzi wa filamu na lenye jirani aketiye kiti cha pili. Leo picha ile ile, na mbaya kuliko ile, imo katika simu ya mtoto chini ya shuka, na hakuna jirani wala mkaguzi. Anayetaka maadili yalindwe ana sababu nzuri zaidi ya kutaka jumba la watu wote lirudi, kwa maana jumba la watu wote lina macho ya watu wote.

Tena dini hiyo hiyo imetufundisha neno lenye maana kubwa katika shauri hili, nalo ni wakfu. Mtu hutoa nyumba au shamba lake, akalifunga lisiuzwe wala lisirithiwe, manufaa yake yaende kwa umma. Sehemu kubwa ya Mji Mkongwe imesimama hadi leo kwa utaratibu huo, na Zanzibar inayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayousimamia. Babu zetu, basi, walikwisha kujua kwamba vipo vitu ambavyo thamani yake hupotea siku vinapouzwa. Hatusemi kwamba jumba la sinema ni sawa na msikiti au madrasa. Tunasema kwamba fikra ya kuiweka nyumba mikononi mwa umma kwa kizazi kinachokuja si fikra tuliyoletewa na wataalamu kutoka ng'ambo. Ni yetu.

Ilikuwaje basi majumba haya yakafika hapa yalipo? Sababu ni nyingi na hazifai kutupiwa mtu mmoja. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Visiwani, na baada ya Sheria ya kutwaa majumba ya Aprili 1971, Bara, majumba mengi yalitoka mikononi mwa watu binafsi. Bara yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba; na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa 1968, ikapewa kazi ya kuagiza na kusambaza filamu. Shabaha ilikuwa njema: mali iliyotokana na jasho la wengi irudi kwa wengi. Lakini shabaha njema huhitaji fundi wa paa, huhitaji vipuri vya mashine na huhitaji fedha za kigeni za kuagizia filamu mpya. Ilipofika mwisho wa miaka ya 70, vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta viliikausha akiba ya nchi. Filamu zilichakaa, viti vilivunjika, mashine zikasimama kwa kukosa taa.

Wakati huo huo mambo mengine yaliingia. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, ikitangulia nchi nyingi za Afrika. Bara ilichelewa mpaka 1994. Katikati ikaja kanda ya video, ikamwezesha mtu kuonyesha filamu sebuleni kwake na kuwatoza majirani. Mwenye jumba la viti mia kadhaa, anayelipa kodi, umeme na walinzi, hakuweza kushindana na mwenye sebule. Moja moja majumba yalifunga milango. Empire iliishia kuwa duka. Mahali palipokuwa na sinema ya magari ya Msasani, Dar es Salaam, Marekani ilijenga ubalozi wake mpya uliofunguliwa 2003. Majestic ya Vuga iliendelea kujikongoja, kisha ikanyamaza, na kwa miaka mingi wapenzi wa urithi wa Zanzibar wamekuwa wakitafuta njia ya kuirudishia uhai wake iwe nyumba ya sanaa.

Hapa ndipo tunapowaomba viongozi watusikilize. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka, na watu 2 wakapoteza maisha. Jumba hilo halikuwa limesahauliwa. Lilikuwa katika orodha zote, katika vitabu vyote na katika kila picha ya mtalii. Lilianguka likiwa katika matengenezo. Ikiwa jumba linalojulikana dunia nzima, ndani ya mji uliotangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, laweza kuanguka namna hiyo, jumba la sinema ambalo halimo midomoni mwa watalii lina kinga gani? Mvua ya masika haiulizi kama mchakato umekamilika.

Sheria zetu nazo yafaa zitazamwe. Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Jengo la baada ya mwaka huo hulindwa pale tu Waziri anapolitangaza. Maana yake ni kwamba kila jumba la sinema katika nchi hii, la zamani namna gani, ni changa mbele ya sheria, na laweza kubomolewa kesho asubuhi kwa kibali cha kawaida cha ujenzi. Visiwani mambo haya yana sheria zake na vyombo vyake, na Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985. Lakini mamlaka hiyo inaishia pale unapoishia Mji Mkongwe. Ukumbi wa Raha Leo, uliojengwa kwa ajili ya wakazi wa Ng'ambo na ambao siku za Mapinduzi ulikuwa kituo cha wanamapinduzi, nao ni historia. Na historia ya Ng'ambo si ndogo kuliko ya Mji Mkongwe kwa sababu tu haina milango ya kuchonga.

Chama chetu kinajua thamani ya kumbi. TANU haikupigania uhuru porini. Ilipigania katika mikutano. Ule uamuzi uliokuja kuitwa wa Busara, wa kushiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ulifikiwa katika mkutano wa Tabora, Januari 1958. Tabora ndiko njia ya reli ya Mpanda inakoelekea, na habari za mkutano huo zilisafiri kwa njia hiyo hiyo. Mwalimu Nyerere, alipokuwa Rais Desemba 1962, mojawapo ya mambo yake ya mwanzo lilikuwa kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akieleza kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu wasio na roho ya taifa. Kiongozi wa leo anayedhani kwamba utamaduni ni pambo la kuwekewa fungu siku fedha zikizidi, ameiacha njia hiyo.

Turudi sasa Mpanda, tupate kuuliza kama mji usio na jumba la zamani una la kujifunza katika habari hii. Jawabu letu ni kwamba unalo, na ni kubwa. Vijiji vingi vya Bara viliijua sinema kwanza kwa gari. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa filamu za mafunzo huko Vugiri, katika Mkoa wa Tanga wa leo, na filamu hizo walizitembeza kwa lori. Baada ya Uhuru magari ya sinema ya Serikali yaliendelea na kazi hiyo kwa shabaha nyingine: kitambaa kilitundikwa uwanjani, injini ikanguruma, na kijiji kizima kikaketi chini kuona viongozi wake, mashamba yake na nchi yake. Hakukuwa na jumba, lakini kulikuwa na mkutano wa watu.

Leo kijana wa Mpanda hana gari la sinema wala jumba. Analo banda. Jioni hulipa fedha kidogo aingie mahali pa giza kutazama mpira au filamu iliyotafsiriwa, mahali ambapo watu wenyewe wamepaita kibanda umiza, kwa jinsi mtu anavyobanwa humo. Wapo maofisa wasioviona vibanda hivi ila siku ya kuvifunga. Sisi tunaviona kuwa ni ushahidi. Vinathibitisha kwamba hamu ya kutazama pamoja haikufa pamoja na majumba. Mtu mwenye simu mfukoni bado hulipa ili aketi na wenzake. Basi Katavi inao watazamaji wasio na jumba, na Unguja inalo jumba lisilo na watazamaji. Mambo haya mawili hutazamwa na ofisi tofauti, na kila ofisi huliona la kwake kuwa dogo. Yakiwekwa pamoja, yanaonyesha kwamba hatujaamua bado kama mahali pa wananchi kukutania ni huduma au ni anasa.

Wengine watasema nchi ina upungufu wa maji na dawa, na kwamba si wakati wa kutia chokaa nyumba za sinema. Hoja hiyo ni nzito na hatuidharau. Lakini tazama wenzetu walio katika dhiki kuliko sisi. Mjini Mogadishu, Jumba la Taifa la Maonyesho, lililojengwa na Wachina mwaka 1967, liliharibiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lilifunguliwa tena 2012, na mwezi mmoja haukupita vizuri likapigwa bomu. Wasomali hawakukata tamaa, na Septemba 2021 filamu zikaonyeshwa humo kwa mara ya kwanza baada ya miaka 30. Nairobi, Jumba la Taifa la Maonyesho lililofunguliwa 1952 lilifanyiwa matengenezo makubwa, likafunguliwa upya 2015. Na huko Kamirithu, karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi walijijengea wenyewe ukumbi wa wazi mwaka 1977, bila ya ruzuku ya mtu. Serikali ya huko iliubomoa mwaka 1982, na hilo ni fedheha yake; lakini wanakijiji walikwisha kuthibitisha kwamba ukumbi wa maonyesho waweza kujengwa kwa miti, mikeka na jasho.

Baada ya kusema hayo yote, tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, ifanywe hesabu. Kila wilaya, Visiwani na Bara, iandike kila jumba la sinema na kila ukumbi wa zamani: ulijengwa lini, mwenyewe ni nani, paa liko katika hali gani, unatumika kwa kazi gani. Kazi hii haihitaji wataalamu wa ng'ambo. Yahitaji ofisa utamaduni mmoja, mwalimu mmoja wa historia, kamera na wiki 2.

Pili, paa kabla ya rangi. Fedha za matengenezo, hata zikiwa kidogo, zianze kwenye paa, mifereji na misingi. Tumeona mara nyingi jengo likipakwa rangi kwa ajili ya sherehe, na mvua ya kwanza ikaingia ndani kama ilivyozoea. Jengo lililofunikwa vizuri laweza kungoja miaka 10 mpaka fedha nyingine zipatikane. Lisilofunikwa haliwezi kungoja hata misimu 3.

Tatu, majumba yaliyo bora yatangazwe kisheria kabla hayajatiwa katika orodha ya kuuzwa au kukodishwa. Anayepewa jumba la zamani kulifanyia biashara afungwe na sharti la kuuacha ukumbi kuwa ukumbi. Kubakiza ukuta wa mbele peke yake, huku ndani pamejengwa vyumba vya maduka, ni sawa na kuhifadhi jalada la kitabu na kuchana kurasa zake.

Nne, jumba litumike hata kabla ya kukamilika kwa matengenezo, mara tu wahandisi wanapothibitisha kwamba ni salama. Tamasha la filamu la nchi za majahazi, linalofanyika Unguja tangu 1998, limetegemea zaidi Ngome Kongwe. Tamasha ni siku chache tu katika mwaka. Zilizobaki ni za wananchi: maonyesho ya mchana kwa wanafunzi, maonyesho ya akina mama kama zamani, mashairi, taarabu, michezo ya kuigiza, mihadhara. Wapewe vikundi vya sanaa vya Unguja na Pemba ratiba ya kudumu, walipe kidogo na watunze wanachokitumia.

Tano, katika mikoa mipya kama Katavi, ramani ya mji iwe na kiwanja cha ukumbi wa sanaa kilichotengwa na kuandikwa, kama vile inavyotengwa sehemu ya soko na ya makaburi. Si lazima ujengwe mwaka huu. Lililo lazima ni kiwanja kisigawiwe. Mpanda ikingoja mpaka ipate fedha ndipo itafute mahali, mahali patakuwa pamekwisha, na ukumbi utapelekwa nje ya mji ambako hakuna mtoto atakayefika kwa miguu. Mkoa ule una ngoma za Wakonongo, Wapimbwe, Wabende, Wafipa na Wasukuma, na una wananchi wapya wenye asili ya Burundi waliokaa Katumba na Mishamo tangu miaka ya 70. Watu wa asili nyingi namna hiyo wanahitaji mahali pa kutazamana kuliko hata sisi tuliokwisha kuzoeana.

Sita, vibanda visipigwe vita. Visaidiwe. Viongezwe milango ya kutokea, viwe na hewa, viheshimu umri wa watoto na saa za masomo, na wenyewe waunganishwe katika ushirika. Ushirika wa wenye vibanda waweza kesho ukawa mpangaji wa kwanza wa ukumbi wa kweli. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 na vyombo vinavyosimamia filamu Bara na Visiwani vitumike kuwalea, si kuwatoza tu.

Saba, wazee waulizwe wangali hai. Waliopiga mashine, waliokata tiketi, waliochora mabango, madereva wa magari ya sinema, akina mama waliokwenda katika maonyesho yao ya mchana: hao ndio kumbukumbu yenyewe. Mtaalamu wa Kimarekani, Laura Fair, alikaa nao, akawasikiliza, na mwaka 2018 akatoa kitabu kikubwa juu ya sinema katika miji ya Tanzania. Tunamshukuru. Lakini ingefaa vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na wa vyuo vya Bara wafanye kazi kama hiyo kwa Kiswahili, ili aliyesimulia aweze naye kusoma alichosimulia.

Hatudai kwamba kila ukuta wa zamani usiguswe. Miji hukua, na yako majumba yaliyokwisha kufa kiasi cha kutofufuka. Tunachodai ni kwamba uamuzi wa kuliacha jumba life uwe uamuzi, uliofanywa na watu wanaojulikana, mbele ya wananchi, kwa sababu zilizoelezwa. Kwa sasa hakuna anayeamua. Jumba hufungwa, ufunguo huwekwa katika mtoto wa meza, ofisa huhamishwa, na miaka 20 baadaye tunaambiwa kwamba jengo ni la hatari na halina budi kuvunjwa.

Waheshimiwa mawaziri wa Serikali zote mbili, wakuu wa mikoa, wakurugenzi wa manispaa za Unguja, Pemba na Mpanda: mvua za masika huja kila mwaka kwa wakati wake. Kabla ya masika yajayo, toeni amri mbili tu. Ya kwanza ni kwamba mafundi wapande juu ya mapaa ya majumba yaliyosalia na kuleta taarifa. Ya pili ni kwamba kiwanja kimoja katikati ya mji wa Mpanda kiandikwe kwa jina la wananchi. Amri hizo mbili hazizidi gharama ya semina moja, na wananchi wataziona.